Mahindi ya Upande wa Mkonge

Trizah alishuka kwenye pikipiki akiwa amekumbatia bahasha tatu, na kabla hajasalimia mtu aliuliza kama wifi yake Priscah yupo. Linet, mke wa Javan, mwana wa kwanza wa boma, alikuwa akianika dagaa wa omena juu ya gunia mbele ya nyumba yake. Alinyoosha mdomo kuelekea jikoni.

"Yuko huko. Ataenda wapi?"

Priscah aliyasikia hayo akiwa ameinama juu ya meko. Akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na minne kati ya hiyo ameimaliza katika boma hili la karibu na Kosele, lakini mtu akitaja jina lake bado alihisi kama ameitwa mbele ya darasa. Darasa lenyewe aliliacha likiwa la sita, kwao karibu na Isebania, mwaka ambao mama yake aliugua na wadogo zake wakakosa wa kuwapikia. Alikuwa Mkuria katika boma la Wajaluo. Kijaluo alikielewa kuliko walivyodhani, ila akifungua mdomo kukisema Linet alicheka, kwa hiyo alijibu kwa Kiswahili. Nao wakazoea kumsemesha kwa Kiswahili, kama mtu wa kupita njia.

Mumewe, Bonface, alipakia malori huko huko Isebania, mpakani mwa Tanzania, na alirudi mwisho wa mwezi. "Nilimtoa mpakani nikamleta nyumbani, halafu mimi nikahamia mpakani," alipenda kusema, akicheka. Priscah hakuwahi kuona kichekesho chenyewe kilipo.

Chai ilinywewa nyumbani kwa Min Javan, mama mzazi wa Javan na Bonface na mama wa boma. Trizah, kitinda mimba wake, alizipanga zile bahasha mezani kama karata. Alikuwa na digrii moja na kazi ya kujitolea katika shirika fulani mjini Migori, na sasa alitaka digrii ya pili.

"Miaka minne ulisomea watu," Min Javan alisema. "Sasa unaenda kusomea watu tena? Hawajaisha?"

"Mama, ni ngazi. Hii ni sosholojia. Hii ni maendeleo ya jamii. Na hii ni anthropolojia."

"Tofauti yake?"

Trizah alikohoa kidogo, kama anayejibu mbele ya walimu. "Sosholojia inataka boma mia mbili. Unazunguka na karatasi ya visanduku, watu wanatia alama, unahesabu. Maendeleo ya jamii inataka mradi. Kuku, nyuki, kisima, chochote, mradi uwe na picha. Anthropolojia haitaki wengi. Inataka mtu mmoja, lakini inamtaka mzima."

"Kama fisi," alisema Linet, ambaye alikuwa amekuja kuazima chumvi na akasahau kuondoka.

Trizah hakucheka. Alimtazama Priscah, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na birika mkononi. "Udhamini uko kwa hiyo ya mwisho tu. Ijumaa saa kumi na moja jioni wanafunga kupokea maombi. Leo ni Jumanne. Wifi, ukimaliza vyombo nakuhitaji kidogo."

Priscah alijua anahitajiwa kwa nini.

Yalianza Desemba iliyopita. Trizah alikuwa amekuja likizo, akavuta kigoda, akaketi naye kupukuchua mahindi. Kwa miaka yote ile, huyu binti wa boma alikuwa akimpita Priscah kama mtu anavyopita nguzo ya ua. Siku hiyo alimwita dada. Alimuuliza kwao wanapika nini, binti yake mdogo alizaliwa saa ngapi, kwa nini aliacha shule. Akiuliza alinyamaza, akangoja jibu. Hakuna mtu katika boma lile aliyewahi kumuuliza Priscah kitu na kungoja jibu. Simu ya Trizah ilikuwa imelala juu ya gunia. Priscah aliiona na hakuifikiria.

Maswali yakafika kwenye mbegu. Hayo Trizah asingeweza kumuuliza mama yake. Mambo ya mbegu yana mambo ya kitanda ndani yake, na binti hamuulizi mama kuhusu kitanda. Tena binti huolewa akaenda kwa wengine. Siri za kupanda hukaa na wake wa boma. Ndiyo maana yule aliyesoma mpaka chuo ilimbidi amuulize yule wa darasa la sita. Na yule wa darasa la sita, moyo ukiwa umemfunguka kama ganda la mahindi, alijibu mpaka pale ambapo hakupaswa kufika.

Mwaka juzi, Februari ikiisha, Min Javan alilazwa Homa Bay, akaondolewa uvimbe tumboni. Mvua ikaja mapema. Katika boma lile hakuna anayeangusha mbegu kabla ya mama wa boma. Mama akishapanda, hufuata mke wa mwana wa kwanza, halafu wa pili. Anayeruka zamu huleta chira, na chira ni ugonjwa usio na jina hospitalini: humkausha mtu taratibu, au humwondoa ghafla. Linet aliketi nyumbani kwake akangoja. Lakini kwao Priscah mvua ikinyesha mwenye jembe hushika jembe, na yeye wakati ule alikuwa na miaka miwili tu katika boma, hajajua kipi ni desturi ya kusemwa tu na kipi ni desturi ya kuua. Alfajiri alimfunga mtoto mgongoni akapanda mistari kumi na miwili upande wa mkonge, sehemu aliyokuwa amepewa. Mzee Levi, baba mkwe wake, alipita akimtafuta ng'ombe. Alisimama. Aliangalia mistari, akamwangalia yeye.

"Fukia vizuri, ndege wasile," alisema, akaenda zake.

Siku ya nne Min Javan aliruhusiwa. Alishushwa garini, na kabla hajaingia ndani alitaka apelekwe shambani. Priscah ndiye aliyemshika kwapani, na mama mkwe akaangusha mbegu zake za kwanza, watu wakapiga vigelegele. Mistari kumi na miwili ilikuwa chini ya udongo, kimya.

Mwezi wa Juni Mzee Levi alianguka sokoni Kosele akafa. Daktari alisema moyo. Lakini matangani wazee wa ukoo waliuliza, mbele ya watu wote, ni nini kilichovunjwa katika boma hili. Wengine walitazamana. Priscah alitazama miguu yake. Alijua tayari kwamba neno hilo likitoka, yeye ndiye aliyemuua Mzee. Angerudishwa Isebania na sanduku lake, na binti yake, ambaye ni mtoto wa boma, angebaki nyuma.

Sasa neno hilo lilikuwa ndani ya bahasha.

Min Javan alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Trizah alimkalisha wifi yake jikoni, akatoa karatasi tatu zilizobanwa pamoja.

"Chuo kinataka mshiriki asomewe kwa lugha anayoielewa, halafu aweke sahihi. Ni kawaida tu. Sikiliza."

Alisoma haraka, kidole kikifuata mistari. Utafiti utahusu nini. Majina hayatatajwa. Mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote. Katikati ya karatasi ya pili kidole kiliruka. Kilitoka juu kikatua chini, kama mtu anayeruka dimbwi, na sauti ikaendelea bila kusita.

"Nipe nisome mwenyewe," Priscah alisema.

Trizah alicheka kwa pua. "Utasoma? Ni maneno mengi, wifi."

Priscah alinyoosha mkono na hakuurudisha. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kama anayechambua mawe kwenye maharagwe. Ilimchukua muda mrefu. Trizah alitazama saa mara mbili. Na pale kidole kiliporuka, iliandikwa hivi: *Mshiriki P., Mkuria wa miaka ishirini na mitano aliyeolewa katika boma la Wajaluo karibu na Kosele, alipanda mahindi siku nne kabla ya mama mkwe wake, kinyume cha mwiko. Mwezi Juni mwaka huo baba mkwe alifariki. Mshiriki amelificha jambo hili mpaka leo na anaishi kwa hofu. Utafiti utamfuatilia kwa mwaka mzima ndani ya boma hilo.*

"Uliruka hapa."

"Hapo ni mambo ya kitaalamu."

"Wakuria walioolewa karibu na Kosele ni wangapi, Trizah?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, bila wifi mbele yake. "Wenye baba mkwe aliyekufa Juni?"

"Nimeweka herufi tu. Hakuna jina."

"Hata kuku wa hapa wakisomewa watajua ni mimi."

"Ulikubali. Simu ilikuwa ikirekodi mbele ya macho yako."

"Ulisema umekuja kunisaidia kupukuchua."

Trizah aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, ule udada wa Desemba umeondoka wote. "Unajua nimeomba mara ngapi? Mara tatu. Kila mtu ana babu wa kumsimulia mila. Profesa anasoma anapiga miayo. Safari hii alipiga mstari chini ya hiyo aya, akaandika pembeni: hii ndiyo. Mimi nina kitu ambacho hakuna mwingine anacho."

"Una mimi."

"Hukumaliza hata shule ya msingi. Nakuweka kwenye kitabu, unaninunia?"

"Toa hiyo aya."

"Bila hiyo aya hakuna kitu." Trizah alizikusanya karatasi, akazigonga mezani mpaka pembe zikalingana. "Sikiliza, wifi. Mshiriki akishindwa, fomu inamruhusu mkuu wa boma aweke sahihi kwa niaba yake. Mkuu wa boma ni Mama. Una mpaka Ijumaa. Usipoweka, nitamsomea yeye. Yote, bila kuruka."

Jumatano ilipita vibaya. Kwenye bomba la maji Linet alimwuliza kwa nini macho yamevimba, kama mume amepata mwingine mpakani, kwa sababu mpakani wako wengi na macho yao hayana moshi wa meko. Priscah alijaza mtungi wake akaondoka. Alimpigia Bonface. Kulikuwa na kelele za malori.

"Dada yako anataka sahihi yangu," alisema.

"Basi mpe. Sahihi inauma?"

"Bonface, kama mama yako akinifukuza?"

"Akufukuze kwa nini?" Mtu aliita jina lake huko. "Priscah, usianze vita na watu wa kwetu mimi nikiwa mbali. Weka sahihi yaishe."

Alifungasha nguo za mtoto kwenye mfuko. Akakumbuka kwamba mtoto hangeruhusiwa kuondoka naye. Akazifungua, akazikunja tena moja moja, akazirudisha kwenye sanduku.

Jioni mvua ikanyesha, ile ya kweli, inayoingia ardhini na kukaa. Alhamisi asubuhi, manyunyu yakiendelea, Min Javan alitoka na karai la mbegu kiunoni. Tangu Mzee afariki wazee wa ukoo walikuwa wamesema mengi, kwamba mjane hapandi kabla ya kurithiwa, naye aliwajibu kwa Biblia na jembe, na hakuna aliyerudi mara ya pili. Linet alisimama nyuma yake, kisha Priscah, mtoto akimshika sketi. Trizah alikuja wa mwisho akiwa amevaa buti za mvua, simu mkononi, kupiga picha.

Min Javan aliinama. Alikwisha kuchota mbegu.

"Mama," Priscah alisema. Sauti ilitoka ndogo mno. Akairudia. "Mama, usiangushe bado."

Hakuna aliyewahi kumkatiza Min Javan shambani. Mgongo ulinyooka polepole.

"Kuna nini, Nyar Kuria?" Binti wa Wakuria, ndivyo alivyomwita siku zote, na siku hiyo lilisikika kama kofi.

"Mwaka ule ulipolazwa Homa Bay nilipanda kabla yako. Siku nne. Upande wa mkonge, mistari kumi na miwili. Ulipokuja ukapanda, zangu zilikuwa tayari chini. Trizah ameliandika, anataka niweke sahihi ama akusomee wewe uweke badala yangu. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Linet alivuta pumzi kwa kelele, akaweka mkono kichwani. "Kwa hivyo Baba alikufa kwa—"

"Nyamaza," alisema Min Javan, bila kugeuka.

"Lakini Mama, wazee waliuliza matangani, na huyu alikuwa ameketi hapo hapo anakula—"

"Wewe ulikula madebe mangapi ya mahindi hayo, Linet? Yaligawanywa mara mbili, nusu yakaja kwako. Yalikuwa machungu?"

Linet alishusha mkono kutoka kichwani.

Min Javan alimtazama Priscah. Hakukuwa na huruma katika macho yale, na Priscah hakuitafuta.

"Nimelima shamba hili miaka thelathini na minane," alisema. "Mahindi ya upande wa mkonge yalitoa ndevu kabla ya yangu. Unadhani uliolewa katika boma la vipofu? Nilijua kabla hata sijaweza kutembea bila fimbo. Nikamuuliza Mzee. Akaniambia alikuona, akakuambia ufukie vizuri. Nilimkasirikia mpaka akafa nikiwa bado nimemkasirikia."

Mtoto alianza kulia. Priscah alimbeba.

"Sikunyamaza kwa sababu nakupenda," Min Javan aliendelea. "Nilinyamaza kwa sababu lilikuwa neno langu. Nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya siku utakayoniinulia kichwa. Sasa umelitoa wewe, mbele ya Linet mwenye mdomo mrefu, limekuwa makapi." Aligeuka. "Na wewe."

Trizah aliishusha simu.

"Mama, ni utafiti. Majina hayapo."

"Kifo cha baba yako kipo?"

Trizah aliitia simu mfukoni.

"Nimeuliza kitu kidogo. Uliandika kifo cha baba yako, ukakipeleka kwa watu wakisome?"

"Ni njia ya kusema kwamba mila—"

"Mila za mbegu zina wenyewe. Wewe utaolewa, ukapande kwa watu. Ukitaka kuandika, kaandike za huko." Alinyoosha mkono wenye mbegu kuelekea nyumbani. "Sahihi yangu hupati. Na ukiiweka mwenyewe badala yangu, nitapanda gari mpaka kwa huyo profesa wako nimweleze ni nani aliyeiandika."

Trizah aliondoka, buti zake zikitoa sauti kwenye tope. Alipofika ukingoni aligeuka. "Mmeniharibia maisha," alisema, akimtazama Priscah peke yake. "Wewe, usiye na cha kuharibiwa."

Min Javan aliinama, akapanda mstari wake wa kwanza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Linet aanze. Priscah aliposogea, alimzuia kwa jembe.

"Wewe utapanda kesho, sisi tukishamaliza. Na upande wa mkonge hutaugusa tena. Utachukua kule juu kwenye mawe."

"Ndiyo, Mama."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani, Mama."

"Basi mpeleke mtoto ndani, analowa."

Kesho yake, Ijumaa, Priscah alipanda kwenye mawe. Kila jembe lililoshuka lilitoa mlio, na jioni viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Linet alikwisha kulipeleka neno bombani, na kutoka bombani likafika kanisani, na wanawake wawili hawakuitikia salamu yake. Lakini wazee walipomjia Min Javan aliwaambia kwamba yeye ndiye mama wa boma na yeye ndiye aliyekosewa, na kama yeye hana kesi, wao wanaidai kwa niaba ya nani? Waliondoka bila kunywa chai. Jioni hiyo moshi ulitoka jikoni kwa Priscah kama kawaida, na mtoto wake alilala palepale alipolala siku zote.

Trizah alirudi baada ya wiki tatu. Bahasha ilikuwa moja. Udhamini ulikuwa umekwenda kwa mtu mwingine, na yeye alikuwa ameingia sosholojia kwa kujilipia kidogo kidogo, huku akiendelea na lile shirika la Migori. Chuo kilitaka boma mia mbili. Alisema mwalimu wake amemshauri aanzie nyumbani, ajaribu maswali kabla ya kuwapelekea watu wengine. Aliyasema hayo akiutazama ukuta wa jikoni, na hakuketi.

"Umri?"

"Unaujua."

"Lazima ujibu wewe."

"Ishirini na mitano."

"Kiwango cha elimu?"

"Unakijua pia."

Trizah alitia alama mwenyewe, kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi. Aliuliza idadi ya watu, aina ya paa, umbali wa maji. Priscah alijibu kila swali kwa neno moja, huku akichambua majani ya mboga. Walifika karatasi ya mwisho. Trizah aliliangalia swali, akaigeuza karatasi na kuisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Hili jijazie."

Priscah alifuta mikono kwenye leso. Akasoma, midomo ikicheza. *Katika boma lenu, ni nani hupanda kwanza? Tia alama kwenye kisanduku kimoja.* Visanduku vilikuwa vitatu: mama wa boma, mke wa mwana wa kwanza, mtu mwingine. Chini yake palikuwa na mistari minne mitupu, na juu ya mistari hiyo maneno *Maelezo zaidi, kama yapo.*

Alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Mistari minne akaiacha jinsi ilivyokuwa, akaifunika kalamu kwa kofia yake, akamrudishia.

"Nyingine?" aliuliza.

"Hakuna nyingine," Trizah alisema.

"Basi zimebaki fomu mia moja na tisini na tisa," Priscah alisema, akayavuta majani yake karibu. "Anza na Linet. Yeye ana maelezo zaidi."